Tusingoje Dawa Ukoko Ndipo Tutoe Vitu Nje

Dada zetu wa visiwani, tunawaandikia kutoka mbali kidogo, kwenye milima ya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, huku ambako asubuhi ukungu hulala mabondeni na mtu hatoki nje bila sweta. Sisi ni wanawake wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa. Baadhi yetu ni wenyeji wa huku, na wengine tulizaliwa Unguja na Pemba tukafuata ndoa au kazi. Tupo wa msikitini na tupo wa kanisani. Kila wiki tukishamaliza kuhesabu hisa, mazungumzo huishia kwenye nyumba zetu: panya, moshi, maji, na vitu vinavyojaa kila kona. Leo tumeona tuyatoe maoni yetu nje ya kikundi.

Wengi wenu mnaikumbuka dawa ukoko. Visiwani kampeni yake ilianza mwaka 2006. Huku Kagera ilifuata muda mfupi baadaye, na Karagwe ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo. Wakati huo Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Karagwe; ilipata kuwa wilaya yake mwaka 2012. Utaratibu mnaujua. Wapuliza dawa hawaingii kwenye nyumba iliyojaa. Vyombo, chakula, magodoro na nguo, vyote vitoke nje, kwa sababu dawa inapigwa ukutani, pale mbu anapotua kupumzika akishauma watu. Ukuta uliofichwa na marundo haupati dawa, na mbu hapo amepata maskani.

Siku ile kijiji kizima kilikuwa na nyumba tupu na nyua zilizojaa. Tukaviona vitu vyetu kwenye mwanga wa jua, na majirani nao wakaviona. Magodoro yaliyooza upande mmoja. Sufuria zenye matundu zilizokuwa zinamngoja fundi ambaye ameshahama. Viatu vya watoto ambao sasa wana watoto wao. Madumu bila vifuniko, vifuniko bila madumu. Chini ya kitanda, viota vya panya. Tuliona haya, lakini jioni tuliporudisha vitu ndani, tulirudisha vyote, mpaka sufuria zenye matundu.

Maoni yetu ni haya: siku ile ya kutoa vyote nje tuifanye wenyewe, kwa ratiba yetu, bila kusubiri mpuliza dawa, wala mgeni wa harusi, wala msiba. Na tukishatoa, tusirudishe ndani kitu ambacho hakina kazi wala mwenyewe.

Si suala la kuwa na vitu vingi

Tunajua kupunguza vitu kumekuwa mtindo duniani. Marie Kondo wa Japani amepata umaarufu kwa kuwafundisha watu kukishika kitu na kujiuliza kama kinawapa furaha. Kisipowapa, waachane nacho. Hatumbezi. Lakini ushauri ule unamfaa zaidi mtu ambaye kabati lake limefurika nguo za dukani. Huku kwetu dumu la mafuta halimpi mtu furaha yoyote, ila ndilo linaloleta maji kutoka bondeni. Jembe lililokatika mpini halipendezi, ila likipata mpini litalima.

Kwa hiyo tumejiwekea swali letu: kitu hiki kinafanya kazi gani hapa, na kwa ajili ya nani? Kikikosa jibu, hata kama tulikinunua kwa bei kubwa, kinakula nafasi ya watu na kuwapa panya makazi.

Tutawasimulia jambo lililotupata, na aliyepatwa ametuambia tulisimulie ili wengine wajifunze. Mwenzetu mmoja wa upande wa Nkwenda, Kyerwa, mwezi Januari alihitaji sare na madaftari ya watoto wawili. Fedha hazikuwepo. Akafanya kile ambacho huku kinaitwa butura: kuuza kahawa ingali mtini, pengine ikiwa maua tu, kwa bei anayoitaja mnunuzi. Serikali inaikataza butura na inaipiga vita, lakini hufanyika kimyakimya, kwa sababu shida haingoji msimu wa mavuno. Akapokea fedha, watoto wakaenda shule.

Miezi michache baadaye, tulipokwenda kumsaidia kutoa vitu nje, nyuma ya kitanda tulikuta gunia la maharage ya msimu wa nyuma. Lilikuwa limefunikwa na mikeka, likasahaulika. Maharage yote yamebunguliwa. Ukishika kiganja, unashika unga. Pembeni yake kulikuwa na cherehani nzima iliyokosa mkanda tu, na mabati mawili yaliyobaki tangu walipoezeka. Mwenzetu alikaa kwenye kizingiti akapiga hesabu kwa vidole. Maharage yale peke yake, kama yangeuzwa kabla ya kuingiwa na wadudu, yangetosha sare na madaftari. Kahawa yake ingebaki mtini ikaiva, akaiuza chama cha msingi kwa bei ya msimu.

Waswahili tunasema mali bila daftari hupotea bila habari. Tulikuwa tukidhani methali hiyo ni ya wenye maduka. Sasa tunajua ni ya kila mwenye kitanda chenye uvungu.

Wazee walikuwa na utaratibu wao

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kizungu. Sivyo. Wazee wa Kagera wanaozikumbuka nyumba za msonge wanatuambia kwamba sakafu ilitandikwa nyasi. Nyasi zikichakaa hutolewa, hutupwa migombani zikaoze na kuwa mbolea, na nyasi mpya zenye harufu nzuri huingizwa. Huwezi kubadilisha nyasi bila kusogeza vyombo. Nyumba ile ilikuwa inalazimika kufunguliwa na kukaguliwa kila mara, na uchafu wake ulikuwa chakula cha shamba.

Hata leo ndivyo tunavyoishi na migomba. Maganda ya ndizi, mabua ya maharage, majivu na samadi vinarudi kwenye kibanja kinachoizunguka nyumba. Migomba iliyo karibu na jiko ndiyo yenye mikungu mikubwa, na kila mtoto wa huku anajua sababu yake.

Tatizo ni kwamba tabia ya kutupa migombani imebaki, lakini tunachotupa kimebadilika. Chupa za plastiki, vifungashio vya sabuni, betri za tochi na redio, mabeseni yaliyopasuka: hivi haviozi. Visiwani mlitangulia kukataza mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Ilikuwa hatua nzuri. Hata hivyo chimba kidogo chini ya mgomba wowote karibu na nyumba zetu uone. Kibanja kilichowalisha bibi zetu hatuna haki ya kukigeuza jaa. Tunaposema tutoe vitu nje, hatuna maana ya kuvihamishia shambani.

Tunavyofanya

Kila mwezi kila mmoja wetu anachagua kona moja tu ya nyumba: uvungu wa kitanda, rafu ya jikoni, au lile sanduku la juu. Mara mbili kwa mwaka tunatoa vyote nje, mara ya kwanza mwezi Februari kabla ya masika, na ya pili Julai au Agosti, wakati wa jua kali na kahawa ikiwa inauzwa. Tunasaidiana nyumba kwa nyumba, kama watu wanavyosaidiana kupalilia.

Vikishatoka, tunavigawa mafungu manne.

Fungu la kwanza ni vinavyofanya kazi. Hivi vinafutwa, vinaanikwa na kurudi ndani kwenye mahali pake maalumu.

Fungu la pili ni vinavyohitaji kutengenezwa. Hapa tuna sharti moja gumu: kisipotengenezwa ndani ya mwezi mmoja, kinauzwa au kinatolewa. Ile cherehani ilipata mkanda ndani ya wiki na sasa inashona sare za watoto wa mtaa.

Fungu la tatu ni vitakavyomfaa mwingine. Nguo za watoto, sahani zilizozidi, blanketi la ziada. Na huku kwetu usiku wa Juni na Julai blanketi si jambo dogo. Tunavitoa kabla ya Ramadhani na kabla ya Krismasi, ili siku ya sikukuu navyo viwe na mtu wa kuvifurahia. Lakini tunaambiana ukweli: nguo ambayo wewe mwenyewe ungeona haya kupewa, usiite sadaka. Ifanye tambara la kudekia.

Fungu la nne ni sumu na taka zisizooza. Dawa za kunyunyizia kahawa na mboga, dawa za ng'ombe, vidonge vilivyopitwa na wakati. Katika nyumba zetu tumekuta dawa ya wadudu imemiminwa kwenye chupa ya soda, imewekwa chini ya kitanda anacholala mtoto. Mtoto hasomi harufu, anaona soda. Dawa ikae kwenye chombo chake chenye maandishi, nje ya chumba cha kulala, juu, na chini ya kufuli. Chupa yake ikiisha isitumike kuwekea maji wala mafuta ya kula. Vidonge vya zamani virudishwe zahanati, waulizwe wenyewe pa kuviteketeza. Na plastiki isiwashiwe moto jikoni, maana moshi wake tunauvuta sisi na watoto tuliowabeba mgongoni.

Tusitupe kisicho chetu

Hapa tulikosea, na tunakiri. Mwenzetu mmoja aliyetoka kisiwani, katika bidii yake ya kusafisha, alikitupa kibuyu kikuukuu cha maziwa kilichokuwa kinaning'inia nyuma ya mlango. Kilikuwa cheusi kwa moshi na mdomo wake umemeguka. Kumbe mama mkwe alikuja nacho siku alipoolewa, alipewa na mama yake. Bibi wa watu hakusema neno. Alinyamaza wiki mbili, na wanaowajua wazee wa huku wanajua kwamba kimya hicho ni kizito kuliko matusi. Tulikwenda wote kumwomba radhi. Alisamehe, lakini kibuyu hakikurudi.

Tangu siku ile tuna kanuni: vitu vya wakwe, vya mume na vya marehemu haviguswi bila mwenyewe au familia kukaa pamoja. Kumbukumbu si uchafu. Ila nayo ipewe heshima yake. Ifutwe vumbi, itundikwe ukutani panapoonekana, badala ya kufukiwa nyuma ya mlango.

Na kuna kitu kimoja ambacho ndicho cha kwanza kutafutwa siku ya kutoa vitu nje: karatasi. Vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, kadi za kliniki, stakabadhi za kahawa, mikataba ya kununua shamba, hati ya hakimiliki ya kimila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Lakini haki hiyo ikifika mbele ya baraza inaulizwa ushahidi. Tumemwona mjane akigeuza godoro na magunia siku tatu akiitafuta karatasi ya mauziano ambayo mumewe aliisaini mbele ya mashahidi, huku ndugu wa mume wakingoja nje. Aliipata ndani ya mto, nusu imeliwa na panya. Bahati yake mashahidi walikuwa hai.

Karatasi zote ziwe kwenye mfuko mmoja usioingiza maji, ndani ya sanduku moja, na mume, mke na mtoto mkubwa wajue lilipo. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lilipoitikisa Kagera, watu walitoka mbio na nguo walizovaa. Walioumia zaidi ni wa Bukoba na jirani zake, lakini hata huku tuliiona ardhi ikicheza. Siku hiyo ilitufundisha jambo jingine pia: sanduku zito haliwekwi juu ya kitanda cha mtoto.

Marekebisho madogo, si jumba jipya

Fedha ya kahawa inapoingia, familia nyingi huwaza kitu kikubwa: pikipiki, nyumba ya matofali ya kuchoma, bati jipya. Ni vizuri. Lakini tunasubiri kikubwa miaka kumi huku tukiishi na vidogo vinavyotuumiza kila siku. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa mwingi unazibika kwa fedha ya mboga.

Tumeanza na kichanja cha vyombo. Miti michache, misumari na siku moja ya kazi. Sahani zinakaukia juani badala ya kulambwa na kuku. Kibuyu chirizi karibu na choo kinahitaji dumu dogo, kamba na sabuni tu. Kampeni ya Nyumba ni Choo iliyoanza mwaka 2017 ilitukumbusha kuwa na choo bora, lakini choo bila mahali pa kunawia ni kazi nusu.

Magunia tumeyaweka juu ya chaga, na kuyasogeza mbali kidogo na ukuta, ili panya wasipate kichaka na sakafu isiyapatie unyevu. Maharage ya kuhifadhi tunayakausha vizuri, tunayaweka kwenye mifuko ya tabaka tatu na kuifunga kabisa. Hewa ikiisha ndani, wadudu wanakufa bila dawa yoyote. Mfuko mmoja unagharimu zaidi ya kiroba cha kawaida, lakini mwenzetu wa Nkwenda atakwambia gunia lililobunguliwa linagharimu nini.

Jikoni, kabla ya kuzungumzia gesi, wengine tulikata tundu la moshi chini ya paa na kujenga jiko banifu la udongo badala ya mafiga matatu. Karagwe haijalala katika haya. Shirika la MAVUNO limefanya kazi na wahandisi wa kujitolea kutoka Berlin kujaribu biogesi itokanayo na mabaki ya migomba, na CHEMA wamejaribu majiko yanayotumia mabaki ya mbao na mazao. Tunawapongeza. Lakini jiko zuri likiingizwa kwenye jiko lililojaa madumu matupu na magunia ya takataka, moshi utapungua na ajali ya moto itabaki.

Na maji. Nyumba zetu nyingi ziko juu ya kilima, chemchemi iko chini bondeni, na anayepanda na ndoo ni mwanamke au binti. Hesabu yake ni rahisi: mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya bati lenye ukubwa wa mita moja ya mraba huleta lita moja. Bati la mita za mraba 30 likipata mvua ya milimita 10 ni kama lita 300, na hata ukipoteza kidogo, pipa la lita 200 linajaa. Yale mabati mawili yaliyokuwa nyuma ya kitanda cha mwenzetu, fundi aliyakunja yakawa gata. Mvua ya vuli ilipoanza, binti yake alifika shuleni kabla ya kengele.

Kazi ya nani?

Tunasikia mnauliza, "Mmetuongezea kazi?" Swali ni la haki. Kama usafi huu utabaki wa mama peke yake, tutakuwa tumeuongezea mzigo mgongo uliokwisha pinda. Ndiyo maana siku ya kutoa vyote nje tunaitangaza mapema, na baba yupo, na wavulana wapo. Vitanda havibebwi na mtu mmoja. Isitoshe, baba anapoona kwa macho yake gunia lililoharibika, mazungumzo ya bajeti jioni ile huwa mafupi na ya amani.

Wengine watasema, "Sisi maskini, tupunguze nini?" Tunajibu kwa upole kwamba maskini ndiye asiye na gunia la kupoteza. Mwenye nyingi akisahau moja, hatalala njaa. Sisi tukisahau moja, tunauza kahawa ingali maua.

Nyumba ni amana. Tumepewa tuitunze, na tutaulizwa kuhusu tulivyovificha wakati jirani ana baridi. Basi dada zetu, popote mlipo, chagueni kona moja wiki hii. Toeni vitu vyake nje, viweke juani, mviulize kazi yake. Mkikuta sufuria yenye tundu, msiirudishe. Sisi zetu tuliziuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu pale Omurushaka, na fedha ile ikanunua misumari ya kichanja.